Askari Waliokataa Dola Saba

Asubuhi yangu ya kwanza Boston nilitoka nyumbani na koti la kuazima. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni muuguzi huko mwaka wa kumi na mbili sasa, alinifunga vifungo mwenyewe mlangoni kama anayempeleka mtoto chuoni. "Kaka, baridi ya hapa haina adabu," akasema. Tukapanda treni hadi Park Street, tukakata bustani ya Boston Common, tukapandisha kilima hadi mtaa wa Beacon. Ng'ambo ya barabara lilikuwa jumba la serikali ya jimbo na kuba lake la dhahabu. Upande wetu, mgongo ukielekea bustani, ndipo iliposimama sanamu iliyonitoa Unguja.

Ni bamba moja pana la shaba. Katikati yuko kanali Mzungu juu ya farasi, upanga mkononi. Ubavuni mwake na nyuma yake wanatembea askari weusi, bunduki begani, blanketi limeviringwa juu ya shanta, mbele yao mpiga ngoma. Aliyeichonga, Augustus Saint-Gaudens, ilimchukua karibu miaka 14. Aliwaita watu weusi kwenye karakana yake mmoja mmoja akachonga vichwa vyao, ndiyo maana hakuna nyuso mbili zinazofanana: huyu ni mzee mwenye ndevu, yule hajaota hata sharubu, mwingine amekaza macho kama mtu anayehesabu hatua. Nilisogea karibu nikatazama chini. Viatu vimechakaa, suruali zimejikunja kwenye magoti. Mchongaji aliyajua mavazi ya mtu anayekwenda mbali kwa miguu.

Hawa ni Rejimenti ya 54 ya askari wa miguu wa Massachusetts. Waliupita mtaa huu huu wa Beacon tarehe 28 Mei 1863, wakielekea gatini kupanda meli ya De Molay kwenda vitani South Carolina. Kanali wao alikuwa Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25, mtoto wa familia tajiri iliyopinga utumwa.

Dada aliitazama sanamu kimya, kisha akaniuliza, "Huyu wa farasi tumemjua. Na hawa wa miguu, majina yao?"

Sikuwa na jibu. Tulipiga picha, baridi ikatushinda, tukaondoka. Kumbe tuliondoka bila kumaliza kuitazama sanamu.

Kesho yake nilikwenda peke yangu Readville, pembezoni kabisa mwa jiji. Hapo palikuwa na kambi iliyoitwa Camp Meigs. Leo ni kiwanja cha michezo, nyasi na miti, na kumbukumbu ndogo ambayo mpita njia anaweza kuipita asiione. Nilikaa kwenye benchi nikajaribu kuwaona wanaume elfu moja wakijifunza kushika bunduki katika baridi ya Februari.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza Aprili 1861, baada ya majimbo ya Kusini kujitenga ili kuulinda utumwa. Upande wa Kaskazini ulijulikana kama Muungano, na msomaji wa kwetu asiuchanganye na huu wetu wa 1964. Kwa karibu miaka miwili wakubwa wa Muungano walisitasita kuwapa watu weusi bunduki. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln akatangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na tangazo hilo hilo likawafungulia watu weusi mlango wa jeshi. Kabla mwezi haujaisha, gavana wa Massachusetts, John Andrew, alikuwa na kibali mkononi cha kuunda rejimenti.

Massachusetts yenyewe haikuwa na watu weusi wa kutosha, kwa hiyo waandikishaji walitawanyika majimbo yote ya Kaskazini. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyegeuka msemaji mkubwa wa watu wake, aliandika na kuhutubia akiwaita vijana wajiunge, na wanawe wawili, Lewis na Charles, wakajiandikisha. Mikutano ilifanyika hata katika African Meeting House, jengo la matofali la 1806 ambalo kwa miguu ni dakika chache kutoka kwenye ile sanamu. Watu wakaja kutoka Pennsylvania, New York, Ohio, wengine Kanada. Wengi walikuwa watu huru: wakulima, vinyozi, mabaharia, vibarua. Wengine walikuwa wametoroka utumwani.

Walijua wanaingia wapi. Kusini ilikwisha kutangaza kwamba askari mweusi akikamatwa hatahesabiwa kuwa mfungwa wa vita. Atakabidhiwa kwa sheria za watumwa, na afisa Mzungu anayemwongoza anaweza kunyongwa. Huku kwao nako walikubali sharti zito: maofisa wote wangekuwa Wazungu. Ila waliahidiwa jambo moja, kwamba watalipwa sawa na askari mwingine yeyote wa Muungano. Dola 13 kwa mwezi, pamoja na sare na chakula.

Weka hesabu hiyo kichwani.

Kutoka Boston nilipanda treni kwenda Salem, nusu saa tu kaskazini. Hapa nilikuwa na shughuli yangu binafsi. Bibi yangu alikuwa na shuka nzito ya pamba isiyopaushwa aliyoiita merikani, na nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni jina la duka. Lilikuwa jina la nchi. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa Unguja kabla ya Waingereza kufungua ubalozi wao. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, aliyefika 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Walileta vitambaa kutoka viwanda vya Massachusetts. Majora ya merikani yalibebwa vichwani na wapagazi hadi Unyanyembe na Ujiji.

Nyumba ya mmoja wa wafanyabiashara hao, Kapteni John Bertram, bado ipo mtaa wa Essex, na leo ni maktaba ya umma ya Salem. Nilikaa humo ndani saa nzima. Watoto walikuwa wanafanya kazi zao za shule, na mimi nilikuwa natafakari uzi mmoja wa pamba. Umevunwa na mtumwa wa Kusini mwa Marekani, umefumwa Massachusetts, umevuka bahari, ukaishia kiunoni mwa mtumwa kwenye shamba la karafuu Unguja, kwani merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa wa pwani yetu. Vita vilipoanza, pamba ya Kusini ilikatika, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Kwa hiyo vita vile havikuwa vya mbali nasi kama nilivyofundishwa. Bei yake ilisikika Forodhani.

Salem ilinipa na mtu mmoja wa kusafiri naye. Luis Emilio, mtoto wa mwanamuziki mhamiaji kutoka Hispania, alizaliwa hapo mwishoni mwa 1844. Aliingia jeshini akiwa na miaka 16, akawa kapteni katika Rejimenti ya 54, na miaka mingi baadaye, 1891, akatoa kitabu cha historia yake. Mengi tunayoyajua kuhusu askari hawa yametoka kwenye kalamu yake.

Siku nne baadaye nilikuwa Charleston, South Carolina, ambako joto lilinirudishia mwili wangu. Kisiwa cha Morris kipo mdomoni mwa bandari. Hakikaliwi na mtu, hakina daraja, na boti ndogo niliyoikodi ililazimika kungoja maji yajae kwanza, maana kupwa kukikukuta kwenye vijito vya nyuma unalala na mbu. Mambo hayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mwari waliruka kwa mstari juu ya vichwa vyetu, na pomboo wawili walitusindikiza hadi karibu na mnara wa taa. Mnara huo ulijengwa nchi kavu katika miaka ya 1870. Leo umesimama peke yake baharini, mawimbi yakiupiga miguuni.

"Ngome iko wapi?" nilimuuliza nahodha tuliposhuka.

Akanyoosha kidole kwenye maji. Ngome ya Wagner imeliwa na bahari. Nilichobaki nacho ni ufuo mwembamba, Atlantiki upande mmoja na vinamasi upande wa pili, na nilipousimamia nilielewa jambo ambalo ramani haikunieleza: hapakuwa na njia nyingine. Aliyetaka kuifikia ngome ile ilimbidi apite hapa, kwenye mchanga ulio wazi, bega kwa bega, na pale njia ilipobanwa na kinamasi wengine walitembea ndani ya maji.

Jioni ya tarehe 18 Julai 1863 walipita hapa. Siku mbili kabla yake walikuwa wamepigana kisiwa cha James, wakawakinga Wazungu wa Rejimenti ya 10 ya Connecticut wasizingirwe. Kisha walitembea usiku kucha kwenye mvua na matope, wakavushwa kwa mashua, wakafika hapa hawajala vizuri wala kulala. Mizinga ya nchi kavu na manowari ilikuwa imeitwanga ngome tangu asubuhi, na majenerali waliamini hakuna aliyebaki hai ndani. Walikosea. Ngome ilijengwa kwa mchanga na magogo, mchanga ukayameza makombora, na walinzi wake wengi walikuwa salama kwenye mahandaki. Jenerali Strong alimpa Shaw nafasi ya kutangulia, Shaw akaipokea. Walikuwa kama 600.

Walikwenda kwa hatua, kisha mbio, singe mbele. Moto ulipofunguka walianguka kwa safu. Waliobaki walivuka handaki la maji, wakapanda ukuta wa mchanga, wakapigana juu yake kwa singe na vitako vya bunduki. Shaw aliuawa hapo juu. Mbeba bendera alipoanguka, Sajenti William Carney, aliyezaliwa utumwani Virginia na kuishi huru New Bedford, aliinyaka bendera, akapanda nayo hadi ukutani, na alipoamriwa kurudi akarudi nayo, huku risasi zimemwingia mwilini zaidi ya mara moja. Aliwaambia wenzake kwamba bendera haikugusa ardhi. Nishani ya juu ya kijeshi ya Marekani alikabidhiwa mwaka 1900, miaka 37 baadaye.

Usiku ule wa kurudi nyuma, mtu aliyejikuta anawakusanya waliobaki wa Rejimenti ya 54 alikuwa Luis Emilio wa Salem, mmoja wa makapteni wadogo kabisa. Maofisa wote waliomzidi cheo walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa. Alikuwa na miaka 18. Rejimenti ilipoteza zaidi ya watu 270, waliokufa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Karibu nusu yake. Waasi walimtupa Shaw kwenye shimo moja na askari wake, wakidhani wanamdhalilisha. Wazazi wake walipoahidiwa msaada wa kuuhamisha mwili, walikataa. Baba yake aliandika kwamba hapo ndipo mahali pake, pamoja na watu wake.

Filamu huishia hapo, na sanamu nyingi pia. Mimi nilibaki kwenye mchanga ule nikiwaza kilichofuata. Ngome haikuanguka siku ile. Muungano uliizingira kwa mahandaki, na waasi wakaihama usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba. Miongoni mwa waliochimba mahandaki hayo, mchana kwenye jua na usiku chini ya makombora, walikuwemo watu wa Rejimenti ya 54. Na walichimba bila mshahara.

Hawakunyimwa mshahara, waliukataa. Mlipaji alipofika aliwaletea dola 10 badala ya 13, na kati ya hizo 10 akate 3 za sare. Zinabaki 7. Serikali ilitumia kifungu cha sheria ya 1862 kilichowekwa kwa ajili ya watu weusi wanaoajiriwa kambini kama vibarua, na cheo hakikubadili kitu: sajenti mweusi alipata kidogo kuliko Mzungu aliyeandikishwa jana. Rejimenti nzima ikasema haipokei. Jimbo la Massachusetts likaona aibu, likapitisha sheria ya kuwajazia pengo kutoka hazina yake. Wakashukuru, wakakataa na hizo pia. Hawakuwa wanadai dola tatu. Walikuwa wanadai serikali iliyowapa bunduki ikiri kwamba ni askari.

Mwishoni mwa Septemba 1863, koplo James Henry Gooding, baharia wa zamani wa meli za kuvua nyangumi, alimwandikia Lincoln barua moja kwa moja kutoka kisiwa hiki. Alitaka kujua kama wao ni askari au vibarua. Swali lilikuwa jepesi, ila kulijibu kuliwachukua wakubwa mwaka mzima.

Tusiupambe uamuzi huo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na nyumbani kwa askari hawa mikono ilikuwa mitupu kweli. Wake waliandika barua za njaa. Familia nyingine ziliangukia nyumba za maskini. Katika rejimenti nyingine ya watu weusi, sajenti William Walker aliwaongoza wenzake kuweka bunduki chini mpaka walipwe haki yao. Alihukumiwa kwa uasi, akapigwa risasi Februari 1864. Watu wa 54 walichagua njia nyembamba zaidi: hawaweki bunduki chini, hawapokei pesa. Mwezi huo huo, Olustee, Florida, waliingia vitani wakipiga kelele kuishangilia Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Kejeli hiyo ni ya watu waliojua wanachokifanya. Muungano ulishindwa siku ile, na wao wakabaki nyuma kukinga wenzao wanaokimbia. Treni iliyojaa majeruhi ilipoharibika njiani, waliifunga kamba wakaivuta kwa mikono maili kadhaa. Gooding alikamatwa hapo, akafia kwenye gereza la Andersonville Julai 1864. Hakuwahi kuipokea haki yake.

Juni 1864 Bunge lilikubali mshahara sawa, lakini kwa wale tu waliokuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861. Hapo ukawekwa mtego mpya: aliyekuwa mtumwa siku hiyo angeachwa nje, na rejimenti ingegawanyika. Kanali aliyemrithi Shaw, Edward Hallowell, alitoka familia ya Waquaker, wale Marafiki wanaojulikana Kenya. Alitunga kiapo: kila askari aape kwamba siku hiyo hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumdai kazi bila ujira. Aliyetoroka utumwani aliinua mkono akaapa bila kusema uongo. Nani alikuwa na haki hiyo, mbele ya Mungu? Mwishoni mwa Septemba mlipaji akarudi, safari hii na pesa zote tangu siku ya kwanza. Ilikuwa imepita miezi 18.

Waliendelea kupigana hadi Boykin's Mill, tarehe 18 Aprili 1865, siku tisa baada ya Jenerali Lee wa upande wa Kusini kusalimu amri Virginia. Agosti wakavuliwa sare.

Kutoka Charleston nilikwenda Beaufort, mwendo wa gari usiozidi saa mbili, kwenye makaburi ya kitaifa yaliyofunguliwa 1863. Waliozikwa kisiwa cha Morris, wale ambao bahari haikuwachukua, walihamishiwa hapa baada ya vita. Milango ya makaburi inaelekea mialoni mikubwa, na chini yake mawe yamepangwa kwa nusu duara. Mengine ni marefu na yana majina. Mengine ni vijiwe vya mraba, urefu wa kiganja, vina namba tu. Niliinama nikafuta majani juu ya kimoja, nikasoma tarakimu nne. Swali la dada likanirudia: na hawa wa miguu, majina yao?

Nilirudi Boston siku moja kabla ya kupanda ndege. Nilimwomba dada turudi Beacon. Safari hii tulizunguka. Nyuma ya sanamu, upande wa bustani, ukuta wa jiwe una maandishi. Sanamu ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 1897, maofisa Wazungu waliokufa walikuwa tayari wamechongwa kwa majina. Askari weusi majina yao yaliongezwa katika miaka ya 1980. Mwaka ule wa 1897, mwezi mmoja na ushee kabla ya uzinduzi, ndipo sheria Unguja iliacha kuutambua utumwa. Tarehe hizo mbili sikuwahi kuziweka pamoja.

Dada alikuwa anapitisha kidole juu ya herufi. Nikamsimulia habari ya dola saba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kazi yake ya kwanza nchini humo alilipwa pungufu kuliko wenzake wa wadi ile ile, mwaka mzima, na alijua.

"Mimi nilizichukua, kaka," akasema. "Kodi ya nyumba haikungoja."

Hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana nasema lililofanywa na Rejimenti ya 54 kwa miezi 18 ni zito kuliko lile la jioni moja ya Julai. Kwenye mchanga wa Wagner walipewa amri. Kukataa zile dola saba hakuna aliyewaamuru.

Ukifika Boston, usiishie upande wa farasi. Zunguka nyuma, usome majina, na uyasome kwa sauti.